Nyigu Mfinyanzi: Jinsi ya Kumtambua na Kumpa Jina

Nyigu mfinyanzi hana kundi wala malkia. Jike hubeba maji, akalowesha udongo mkavu, akaufinyanga kwa taya na miguu ya mbele hadi ukawa chungu kidogo. Huning'iniza ndani yake yai moja kwa uzi mwembamba, akajaza viwavi aliowadunga wakapooza bila kufa, kisha akaziba mdomo. Nyumba za Nakwa, mjini Babati, humpa kinachomfaa: ukuta mkavu usiofikiwa na mvua. Wa jenasi Delta huunganisha vyungu kadhaa na kuvifunika kwa tope, hata kazi yote ikaonekana kama bonge lililorushwa ukutani.

Kiota kimewapotosha wengi. Sceliphron naye hujenga kwa tope, tena ana kiuno chembamba, lakini ghala lake lina buibui, si viwavi. Ni wa familia nyingine, Sphecidae. Nyigu mfinyanzi ni wa familia Vespidae. Akitua hukunja mbawa za mbele kwa urefu, na kila jicho lake lina pengo upande wa ndani, alama ambazo Sceliphron hana.

Mgumu zaidi ni Belonogaster, kwa kuwa naye ni Vespidae mwenye kiuno kirefu na hupenda kukaa chini ya paa. Kiota chake ni cha karatasi, wazi kwa chini, na majike kadhaa hukilinda. Asipokuwa kiotani, kioo cha kukuzia kitahitajika: kucha zake ni sahili, ilhali za nyigu mfinyanzi zina jino. Taya za mfinyanzi pia ni ndefu na nyembamba, mfano wa visu. Hapo ndipo anapoingia nusufamilia Eumeninae, yenye spishi zaidi ya 3,000 duniani.

Jenasi Delta ilipewa jina na Henri de Saussure, Mswisi, mwaka 1855. Wa jenasi hii ni nyigu wakubwa, pingili ya kwanza ya fumbatio ikiwa bua refu linalopanuka polepole kuelekea nyuma. Dume hutofautishwa kwa kipapasio chenye pingili 13, jike 12.

Kutoka jenasi hadi spishi ndiko kazi ilipo, na picha ya simu haitoshi. Delta emarginatum, aliyeenea Afrika kusini mwa Sahara, alielezwa na Linnaeus. Hata hivyo rangi ya nyigu hawa hubadilika kutoka eneo hadi eneo, na majina kadhaa yalitolewa kwa rangi tu. Antonio Giordani Soika wa Venice alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwapanga Eumeninae, wa Afrika wakiwemo, akitazama umbo la bua, vitobo vya ngozi na sehemu za uzazi za dume. Kielelezo cha Nakwa kitahitaji vivyo hivyo: mdudu mkavu juu ya pini, lebo ya mahali na tarehe, na ikiwezekana kiota alichotoka.