Chura wa Maporomoko ya Usambara

Ukipanda kutoka Muheza kwenda Amani, unakutana na vijito vingi vinavyoteremka kwa kasi juu ya miamba, chini ya kivuli cha msitu, kuelekea Mto Zigi. Pale maji yanapogonga jiwe na kurusha matone ndipo anapoishi chura ambaye wanasayansi humwita Arthroleptides martiensseni, aliyeelezwa kitaalamu mwaka 1911. Ndugu zake wa Uluguru walidhaniwa kwa muda mrefu kuwa aina hiyohiyo, hadi mwaka 2002 walipotengwa na kuitwa Arthroleptides yakusini.

Chura mzima ana vidole vilivyopanuka nchani, navyo humsaidia kushika mwamba wenye utelezi. Usiku hukaa juu ya jiwe; akishtuka hujirusha majini.

Maajabu yenyewe yako kwa kiluwiluwi. Tuliowazoea ni wale wa dimbwini, wenye tumbo la mviringo na mkia mpana wa kuogelea. Huyu huishi juu ya uso wa jiwe, penye utando mwembamba tu wa maji. Mwili wake ni bapa, mkia ni mrefu na wenye misuli lakini hauna mapezi mapana, na miguu ya nyuma humwota mapema. Ukimsogelea, hujifyatua kwa mkia na kuhamia upande mwingine wa mwamba.

Kwa hiyo maji peke yake hayamtoshi. Anahitaji jiwe safi lililolowa. Mlima ukilimwa hadi ukingoni, mvua hushusha udongo na tope hulifunika jiwe hilo. Miti ikikatwa, jua huukausha utando wa maji anamoishi kiluwiluwi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wachimbaji wadogo wa dhahabu walivichimbua vijito vya Usambara Mashariki, na iliki imekuwa ikilimwa ndani ya misitu hiyo kwa miaka mingi. Hifadhi ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, inalinda sehemu tu ya makazi ya chura huyu.

Tope linalomwangamiza huteremka na Mto Zigi na kuishia kwenye bwawa la Mabayani, linalowapa maji wakazi wa Tanga. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingo wa mto kuwa eneo la kulindwa. Wakulima wa Usambara na halmashauri zao waanzie hapo: miti iliyomo ndani ya mita hizo iachwe isimame.