Dawa za Sonona: Je, Zaleta Ukatili?

Septemba 14, 1989, mjini Louisville, Marekani, Joseph Wesbecker aliingia katika kiwanda cha uchapaji alikokuwa ameajiriwa, akaua watu 8 kwa bunduki, kisha akajiua. Alikuwa akimeza Prozac, dawa ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Kesi ya mwaka 1994 haikuitia dawa hiyo hatiani. Tukumbuke pia kwamba alikuwa mgonjwa wa akili miaka mingi kabla ya kuimeza.

Swali halikufa. Mwaka 2015 watafiti wa Sweden waliona kuwa vijana wa miaka 15 hadi 24 walihukumiwa kwa makosa ya ukatili mara nyingi zaidi katika vipindi walipotumia dawa za kundi hilo. Ni dawa, au ni ugonjwa wenyewe? Utafiti haukuthibitisha.

Wazazi, wengi hupata nafuu kwa dawa hizi, lakini mwangalieni mgonjwa wiki za kwanza na kila kipimo cha dawa kinapobadilishwa. Akikosa usingizi, akishindwa kutulia, akiwa mkali kuliko desturi yake au akitaja kujiua, mrudisheni kwa daktari siku hiyo hiyo. Msimwachishe dawa ninyi wenyewe: kuikata ghafla nako huleta wasiwasi na hasira.