Mbegu Ihukumiwe kwa Ushahidi

Katika visiwa vya Ufilipino, ambako wali ni tegemeo la kila siku kama ulivyo Unguja na Pemba, umekuwapo kwa miaka mingi mvutano mkali juu ya mbegu moja ya mpunga. Mvutano huo una funzo kwetu sisi watu wa visiwani, na hasa kwa viongozi waliokabidhiwa dhamana ya kilimo.

Mbegu hiyo, Mpunga wa Dhahabu, ilitangazwa mwaka 2000 na wataalamu Ingo Potrykus na Peter Beyer. Waliitia chembe za urithi kutoka viumbe vingine ili punje zake ziupatie mwili vitamini A, ambayo upungufu wake hupofua na hata kuua watoto wa maskini.

Vyama vya kutetea mazingira, Greenpeace kikiwa mstari wa mbele, viliipinga tangu mwanzo. Vilisema kuwa mbegu ngeni zitachanganyika na za asili, kwamba makampuni makubwa yatamfunga mkulima, na kwamba dawa ya lishe duni ni mboga na matunda. Hoja hizo si za kupuuzwa. Mkulima asiyemiliki mbegu yake hajajitawala.

Lakini hoja hupimwa. Ilipodaiwa mwaka 2001 kwamba mtu mzima angelazimika kula kilo 9 za wali kwa siku ili apate vitamini ya kumtosha, wataalamu walirudi kazini, na mwaka 2005 ikatolewa aina yenye nguvu hadi mara 23 ya ile ya kwanza. Kuhusu umiliki, ilikubaliwa na kampuni ya Syngenta kwamba mkulima wa nchi zinazoendelea mwenye pato lisilofika dola 10,000 kwa mwaka asitozwe ada ya uvumbuzi, na aruhusiwe kujiwekea mbegu.

Kinyume cha kupima ni kilichotokea Agosti 2013, kundi la watu lilipovamia shamba la majaribio katika jimbo la Bicol na kuung'oa mpunga huo. Anayedai ushahidi hautoshi, kisha akashangilia ushahidi ukiharibiwa, hana tena hoja.

Mwaka 2021 serikali ya Ufilipino iliidhinisha mbegu hiyo ipandwe. Aprili 2024 Mahakama ya Rufani ilibatilisha idhini hiyo, kufuatia shauri la wakulima na vyama, Greenpeace kikiwamo. Mahakama ndiyo njia ya halali. Shoka na panga shambani si njia.

Nchini mwetu, majaribio ya mbegu za namna hii huko Makutupora, Dodoma, yaliamriwa kusitishwa Novemba 2018. Serikali inayo haki ya kuzuia. Hata hivyo, wananchi nao wanayo haki ya kuelezwa sababu kwa lugha yao, na kuonyeshwa matokeo.

Hapana budi, basi, tuwe na wataalamu wetu na maabara zetu wenyewe. Taifa lisiloweza kuipima mbegu kwa mikono yake litapokea hukumu ya wageni, ama ya muuzaji, ama ya mpinzani wake.