Kipimo cha Hisia za Anayetibu

Kijana ametoka, mlango umefungwa. Kabla ya kumwita mwingine, mtaalamu wa tiba ya kisaikolojia anavuta karatasi yenye orodha ya maneno: nimechoka, nimevutiwa, nimeboeka, nimezidiwa, nimejiona sifai, nimemwonea uchungu kama mama yake. Kila neno analipa alama: sifuri ikiwa hisia hiyo hakuwa nayo kabisa, kisha zinapanda kadiri ilivyokuwa kali. Karatasi haiulizi lolote juu ya ugonjwa wa kijana. Inamuuliza mtaalamu mwenyewe amehisi nini alipokuwa naye leo.

Orodha ya namna hii ilichapishwa kwanza mwaka 1982 ikiwa na maneno 30. Baadaye ikafanyiwa marekebisho Sweden na Norway. Toleo moja lina maneno 58, jingine 24.

Kwa nini ajipime anayetibu? Sigmund Freud alipozigusa hisia za anayetibu mwaka 1910, aliziona kuwa kikwazo: mtaalamu azitambue hisia zake, kisha azishinde. Mwaka 1950 Paula Heimann, aliyefanya kazi London, alisema kinyume chake, kwamba hisia hizo ni chombo muhimu cha kumwelewa mgonjwa. Mwaka mmoja kabla yake, daktari wa watoto Donald Winnicott alikuwa amechapisha makala kuhusu chuki ya mtaalamu. Humo anamsimulia mvulana wa miaka 9, mtoro sugu, aliyeishi nyumbani kwake miezi mitatu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mvulana alipochachamaa, Winnicott hakumpiga. Alimtoa nje, iwe mchana au usiku, na kumwambia waziwazi kwamba aliyoyafanya yamemfanya amchukie. Mlangoni palikuwa na kengele. Akiipiga, alifunguliwa, na yaliyopita hayakutajwa tena. Leo hakuna anayepaswa kumtoa mtoto nje usiku. Lakini ujasiri wa kuitaja chuki kwa jina lake, badala ya kuiacha ijipenyeze kwenye matibabu, bado unahitajika.

Kwa vijana unahitajika zaidi. Mtu mzima kwa kawaida huenda kutibiwa kwa hiari yake; kijana mara nyingi huletwa. Anaweza kukaa kimya nusu saa, akajibu kila swali kwa “sijui”, huku mama yake akisubiri nje na maswali yake mwenyewe. Mtaalamu anavutwa huku na huku: mara awe mzazi mbadala, mara awe wakili wa kijana dhidi ya wazazi.

Mwaka 2009 Dana Satir na wenzake walichapisha utafiti uliowahoji wataalamu 120 kuhusu vijana wenye matatizo ya ulaji. Majibu yalijipanga katika makundi sita. Lipo kundi la hasira na kukata tamaa, lipo la upendo na kujiamini, lipo la kujiona umeshindwa, na lipo la kujihusisha kupita kiasi na kuwa na wasiwasi. Kundi moja linashangaza: kuboeka na kijana kulikwenda sambamba na kuwakasirikia wazazi wake. Takwimu hazisemi kwa nini. Inawezekana kwamba mtaalamu anayepigana kimoyomoyo na baba aliye nje ya chumba hana tena nguvu ya kumsikiliza mtoto aliye ndani.

Kuboeka ndiko kwa kuhofiwa kuliko hasira. Hasira hujitangaza, mtaalamu ataisikia kwenye sauti yake. Kuboeka huja kimya, kukajificha nyuma ya utulivu wa kitaalamu, na kijana mwenye sonona, ambaye tayari anaamini kwamba hana thamani kwa mtu yeyote, anaweza kuigundua hali hiyo upesi sana.

Nchini Norway, Randi Ulberg na wenzake waliwafuatilia vijana wa miaka 16 hadi 18 wenye sonona, waliopangiwa vikao 28 vya tiba. Orodha ya maneno 24 iliingizwa miongoni mwa vipimo vya utafiti huo. Nao watafiti wa Italia, wakiongozwa na Annalisa Tanzilli, walitoa mwaka 2020 dodoso la hisia za wataalamu wanaotibu vijana.

Alama za kikao kimoja hazitoshi. Rolf Holmqvist wa Sweden alionyesha kwamba sehemu kubwa ya hisia hizi hutokana na mazoea ya mtaalamu mwenyewe: wapo wanaojiona wameshindwa na kila mgonjwa. Kwa hiyo alama hupata maana zinapolinganishwa na za mtaalamu yuleyule kwa wagonjwa wengine, na kwa mgonjwa huyohuyo wiki hadi wiki. Aliyezoea kuandika sifuri penye “nimeboeka”, akaanza kupanda wiki tatu mfululizo kwa kijana mmoja tu, ana jambo la kupeleka kwa msimamizi wake.

Upo udhaifu ambao dodoso haliwezi kuuondoa: mtu huandika anachokijua na asichokionea aibu. Mvuto wa kimapenzi na chuki ni rahisi kufichwa, hasa karatasi inapokwenda kwa bosi. Ndiyo maana majibu haya hayafai kutumika kumpandisha au kumshusha mtu cheo. Mtaalamu akijua kwamba ukweli utamgharimu kazi, ataandika sifuri, na kijana ataendelea kuingia chumbani kila wiki kukutana na mtu aliyekwisha kumchoka.