Jua ndani ya chupa: Ukungu wa Lushoto usikuponze

Saa moja asubuhi, ukungu bado umefunika mashamba ya kabichi na karoti kwenye mabonde ya Lushoto. Mama amerudi na ndoo kutoka kwenye chemchemi. Maji yanaonekana safi, na mtoto anataka kuyanywa hapo hapo kabla ya kwenda shule.

Tatizo ni kwamba vimelea vya kuhara havionekani kwa macho. Kuchemsha ndiyo njia iliyozoeleka, lakini kuni ni gharama na kuzitafuta ni kazi. Ipo njia nyingine isiyohitaji kuni: chupa ya plastiki na jua.

Wanaofuga samaki wa mapambo kwenye tangi la kioo hutumia kanuni kama hiyo. Maji ya tangi hupitishwa karibu na taa ya mionzi ya UV, ambayo huharibu vinasaba vya vijidudu visiweze kuzaliana. Jua nalo lina mionzi ya UV, ila ni dhaifu kuliko ya taa hiyo. Ndiyo maana huhitaji saa nyingi.

Mwaka 1996, jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti wa watoto 206 wa Kimasai nchini Kenya, wenye miaka 5 hadi 16. Baadhi waliweka chupa zao za maji juu ya paa, wengine ndani ya nyumba. Waliokunywa maji yaliyoanikwa juani walipata nafuu dhidi ya kuhara kuliko wenzao.

Mzazi, ukitaka kujaribu, fuata hatua hizi:

• Chagua chupa ya plastiki angavu isiyo na rangi, isiyozidi lita 2 na isiyokwaruzika. Bandua karatasi ya nembo, kisha ioshe pamoja na kifuniko.

• Pima uangavu wa maji. Simamisha chupa iliyojaa juu ya kichwa cha habari cha gazeti, chungulia kutoka juu. Usipoweza kusoma herufi, acha maji yatuame kisha uyachuje kwa kitambaa safi.

• Laza chupa juu ya bati, mahali pasipofikiwa na kivuli. Usiiweke nyuma ya kioo cha dirisha.

• Iache saa 6 kama jua ni kali. Mawingu yakifunika zaidi ya nusu ya anga, iache siku 2 mfululizo.

Hapo ndipo wakazi wa milimani wanapopaswa kuwa makini. Mji wa Lushoto uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na ukungu wake hauna haraka ya kuondoka. Chupa iliyowekwa juu ya bati saa moja asubuhi haijaanza kazi yake sawasawa mpaka jua litoke. Ukungu ukiondoka saa tano, saa 6 zitatimia saa kumi na moja jioni, wakati jua limeshapungua nguvu. Maji hayo yasubiri siku ya pili.

Siku za mvua ya kutwa, njia hii haifai. Chemsha maji mpaka yatokote kwa dakika 1, au tumia vidonge vya klorini kwa kufuata maelekezo ya pakiti.

Kumbuka pia kwamba jua haliondoi kemikali. Maji ya mfereji unaopita kwenye bustani zinazopuliziwa dawa hayafai kunywewa hata yakikaa juani wiki nzima. Na mtoto aliye chini ya miezi 6 anahitaji maziwa ya mama pekee, hahitaji maji.

Maji yakiwa tayari, yaache kwenye chupa ile ile. Ukiyamimina kwenye ndoo au kikombe kichafu, kazi yote ya jua imepotea. Mwenye chupa kadhaa aziwekee alama: za leo, na zinazosubiri kesho. Mtoto afundishwe alama hizo, ili akirudi shuleni na kiu ajue chupa ya kushika.