Chamonix: mji ambao kila barafu ikishuka, ngazi zinaongezwa

Hebu fikiria: mwaka 1988 mgeni alikuwa anashuka ngazi 3 tu kufika kwenye barafu. Miaka iliyofuata ngazi hizo zikaongezwa na kuongezwa mpaka zikapita 500! Hapo ni Chamonix, Ufaransa, na hakuna aliyehamisha kitu. Barafu yenyewe ndiyo iliyoshuka.

Chamonix ni wapi?

Ni mji mdogo wenye wakazi wasiofika 10,000, uliopo bondeni chini ya Mont Blanc, mlima mrefu kuliko yote ya Alps, wenye mita 4,800 na ushee. Uswisi na Italia zipo jirani tu.

Zamani watu wa huku walikuwa wakulima na wafugaji. Mambo yakaanza kubadilika tarehe 8 Agosti 1786, pale Jacques Balmat na Michel-Gabriel Paccard walipofika kileleni kwa mara ya kwanza. Mwaka 1821 waongoza wapanda mlima wakaunda chama chao, na mwaka 1924 mji ukaandaa Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi. Leo mlima ndio shamba lao: hoteli, migahawa, waongozaji, wote wanakula hapo.

Kwa nini barafu inashuka?

Kivutio kikubwa ni Mer de Glace, yaani Bahari ya Barafu. Kwa kweli ni kama mto. Theluji inaanguka kule juu, inarundikana, inashindiliwa mpaka inakuwa barafu ngumu, kisha inateremka polepole kwa uzito wake.

Ni kama akaunti ya benki. Theluji inaweka, joto linatoa. Sasa hivi joto linatoa kuliko theluji inavyoweka, kwa hiyo mto unakonda.

Tangu mwaka 1909 treni inapandisha wageni mpaka Montenvers, mita 1,913 juu ya usawa wa bahari. Wageni wa enzi hizo waliiona barafu karibu kabisa. Wa leo wanaona korongo la mawe, na barafu ipo chini sana, tena imefunikwa na vifusi. Mwaka 2024 yalianza kazi magari mapya yanayoning'inia kwenye nyaya, yaliyojengwa juu zaidi bondeni ili kuifuata barafu kule ilikobaki.

Hasara siyo ya watalii tu

Barafu ndiyo gundi inayoshika miamba ya juu. Ikiyeyuka, mawe yanaachia. Mwaka 2005 kipande kikubwa cha mlima Drus, hapo hapo juu ya Chamonix, kiliporomoka. Na Julai 2022, kwa sababu ya joto na mawe kuanguka, waongozaji walisitisha safari za njia ya kawaida ya Mont Blanc. Hapo ni katikati ya msimu wa kazi, na hakuna safari, hakuna malipo.

Ukibahatika kufika, usikimbilie kupiga picha tu. Ukutani kando ya njia ya kushukia kuna vibao vyenye miaka, vinaonyesha barafu ilikuwa inafika wapi. Tafuta mwaka uliozaliwa, halafu angalia chini. Utaelewa kila kitu.