Mguu Usiouma Ndio wa Kuchunguzwa

"Daktari, mbona hakikuwa kinaniuma?" Swali hili hulisikia kliniki mara kwa mara, na anayeliuliza aghalabu huwa amekwisha kuchelewa. Mzee mmoja alishinda kutwa na msumari uliopenya soli ya kandambili ukamchoma chini ya kidole gumba. Habari aliipata jioni, mjukuu wake alipoona damu sakafuni. Alifika kwetu baada ya wiki tatu, kidole kikiwa cheusi. Tulikikata, mguu ukasalimika.

Sukari ikikaa juu katika damu kwa miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, na ile mirefu zaidi, iendayo miguuni, ndiyo huathirika kwanza. Mwanzoni mgonjwa huhisi kuchomwachomwa, au kama anayekanyaga pamba. Baadaye hahisi kitu. Hapo wengine hudhani wamepona. Ngozi nayo hupungukiwa na jasho, ikakauka na kupasuka visiginoni, na mishipa ya damu ikiwa imesinyaa, kidonda kidogo hukosa damu ya kutosha kukiponya. Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam walichapisha taarifa juu ya wagonjwa wa kisukari walioumwa miguu na panya wakiwa usingizini. Ganzi ya kisukari yaweza kufikia kiasi hicho.

Wagonjwa wengi wanaijua kanuni ya kutotembea pekupeku, nao huifuata barabarani. Wakifika nyumbani huvua viatu mlangoni, kwa adabu tuliyolelewa nayo sote. Sina ugomvi na adabu hiyo, ila sindano ya kushonea, kaa la moto na pembe ya kitanda vimo humo ndani. Mgonjwa awe na viatu vya ndani, laini na vilivyofunika vidole, na avipapase ndani kwa mkono kabla ya kuvaa. Maji ya kuoga ayapime kwa kiwiko, kwa kuwa viganja navyo huweza kuwa na ganzi. Akaushe katikati ya vidole, apake mafuta kwingineko, wala asichonge sugu kwa wembe.

Kipo kipimo kilichobuniwa Ipswich, Uingereza, kisichohitaji chombo chochote. Mgonjwa afumbe macho, kisha ndugu amguse taratibu kwa ncha ya kidole cha shahada kwenye ncha ya kidole gumba, cha kati na cha mwisho vya kila mguu, sekunde moja au mbili, bila kubonyeza wala kutekenya. Asipohisi miguso miwili au zaidi kati ya sita, yaelekea hisia zimepungua, na inampasa amweleze mhudumu wa afya hata kama hana kidonda.

Kila jioni atazame nyayo zake kwa kioo, au amwombe mwenzake. Akiona lengelenge, wekundu, uvimbe au jeraha, aende kituo cha afya siku hiyohiyo, asijaribu kwanza kunyunyizia unga wa vidonge. Na akiwa kliniki, avue viatu na soksi mwenyewe bila kungoja kuambiwa: foleni ikiwa ndefu, hata sisi madaktari husoma kipimo cha sukari tukasahau kutazama chini.